Yatima Mwenye Mama

Wiki jana mliniacha kando ya kaburi la mume wangu, Mwenyekiti Gathogo amenishika mkono, akiniambia nisilie sana kwa maana kampuni haiwezi kumtupa mjane wa mwanachama wake.

Leo nawaambia jinsi ilivyonitupa, na jinsi nilivyokufa nikiwa hai.

Wewe unayeanza kusoma leo, jina langu ni Waithira. Tulitoka Nyeri mimi na mume wangu Ephantus na mtoto wetu mmoja, Wahu, tukaja Eldoret kwa sababu Ephantus alikuwa amenunua hisa katika kampuni ya mashamba. Shamba lenyewe lilikuwa la Mzungu aliyerudi kwao baada ya Uhuru, upande wa kwenda Sugoi. Kabla hatujapimiwa kipande chetu, trekta ya kampuni ilipinduka ikamlalia Ephantus. Nikabaki na msichana wa miaka sita na ahadi za Gathogo.

Gathogo aliahidi mambo mawili: kazi na shamba. Kazi alinipa upesi.

"Wewe unajua kupika," aliniambia. "Utapikia watoto. Shamba litakuja wakati wa mgao."

Pale shambani palikuwa na nyumba ya mawe ambayo Mzungu alikuwa akiwekea maziwa. Gathogo alipata ruzuku kutoka shirika moja la ng'ambo, akaifanya nyumba ya watoto. Ruzuku ilikuwa ya watoto wa shamba pamoja na mama zao. Watoto wapate uji, maziwa ya unga na mwalimu. Mama zao wafundishwe kushona na kulea.

Sitasema uongo: ilisaidia watu.

Rafiki yangu Jepchirchir aliokolewa na maziwa yale. Mume wake alikuwa ameuza ng'ombe wote ili anunue hisa kama sisi. Walibaki na karatasi ya kampuni na mtoto wao Kiprono, tumbo limefura, nywele zimekuwa nyekundu. Nilimnywesha uji wa maziwa kwa kijiko mpaka akaanza kukimbiza kuku uani. Jepchirchir aliniambia, "Mama Wahu, huyu sasa ni wetu sisi wawili."

Maneno hayo yakumbukeni mkimhukumu baadaye. Mimi nayakumbuka.

Mambo yalianza kubadilika wakati wa kupalilia mahindi.

Kwanza, mashine za kushona zilibebwa kwa lori. Tukaambiwa zinaenda kutengenezwa, na hazikurudi. Kisha mama wakakatazwa kuingia uani mchana. Walikuwa wakiwaacha watoto kwenye ua wa miti asubuhi na kuwangoja hapo jioni.

Siku moja Gathogo alikuja jikoni.

"Kuanzia leo wewe ni Mama Uji," akasema. "Hata mtoto wako akuite hivyo ukiwa kazini."

"Kwa nini, Mwenyekiti?"

"Watoto wengine wataona wivu."

Nilicheka. Niliona ni neno la maana.

Kisha akaja mpiga picha kutoka mjini. Alimpiga picha kila mtoto peke yake mbele ya ukuta. Waliokuwa na viatu waliambiwa wavue. Wahu wangu alikuwa amevaa sweta niliyomfumia mwenyewe, akaambiwa aitoe, na kulikuwa na baridi ya Julai.

"Mwenyekiti, mtoto atashikwa na kifua," nikasema.

"Dakika moja tu, Mama Uji."

Hakuniita Waithira tena. Tangu siku ile hakuwahi kulitaja jina langu.

Mgeni alifika siku ya Jumanne. Alikuwa mama Mzungu mrefu, mwenye sauti ya upole, aliyekuja kwa treni kuangalia kazi ya ruzuku yao. Alikuwa amefikia kwa rafiki zake Elgon View, mtaa wa Wazungu pale mjini. Aliletwa na Landrova ikiendeshwa na mtu mmoja mnene, mnyamavu, mwenye koti la kaki. Walimwita Khisa.

Watoto waliimba. Gathogo alitafsiri. Mgeni alifuta machozi mara kwa mara na mimi sikujua analilia nini, kwa maana watoto walikuwa wanono.

Halafu akaja jikoni peke yake. Alijua Kiswahili kidogo, kile cha kuongea na wapishi.

"Wewe napika muzuri," akaniambia.

"Asante, Mama."

Akamwonyesha Wahu kwa kidole, uani. "Hii mtoto. Mama yake nakufa lini?"

Nilidhani amekosea neno.

"Baba yake ndiye alikufa, Mama. Mwaka jana. Ajali ya trekta."

"Ndiyo, baba. Na mama? Mister Gathogo nasema mama nakufa na kifua. Wewe najua yeye? Mama yake alikuwa mutu gani?"

Mwiko ulinitoka mkononi.

Kabla sijapata sauti, Gathogo alikuwa mlangoni. Alimwambia mgeni maneno ya Kiingereza, akamtoa nje kwa heshima, kisha akarudi akafunga mlango.

"Umemwambia mimi nimekufa?" nikauliza.

"Punguza sauti."

"Mwenyekiti, umeniua?"

"Sikiliza, msichana wa kwetu." Aligeuza lugha akaongea Kikuyu, pole pole, kama mtu anayebembeleza ng'ombe. "Ile ruzuku ya watoto na mama zao iliisha. Wazungu walisema sasa wanasaidia yatima peke yao. Ningefanya nini? Nifunge? Watoto wote unaowaona hapo nje ni yatima. Mama zao wote wamekufa. Sio wewe peke yako."

"Na wao wanajua?"

"Wanajua watoto wao wanashiba."

Alisema hivyo akatabasamu. Na kusema kweli, kwa muda mfupi sana nilitaka kunyamaza. Kufa kwa Kiingereza kulinidhuru nini, kama mtoto wangu anakunywa maziwa?

Lakini nje niliona mgeni amepiga magoti mbele ya Wahu. Anamvisha viatu vipya vyeusi.

"Kwa nini Wahu peke yake?" nikauliza.

Gathogo akafungua mlango. "Kuna bwana na bibi huko kwao. Walifiwa na msichana wao. Wameona ile picha."

Nilikimbia. Sikumbuki kuvuka uani. Nilimshika Wahu nikamkumbatia, nikamwambia yule mgeni kwa nguvu zangu zote:

"Huyu ni mtoto wangu! Mimi ndiye mama yake! Sijakufa!"

Mgeni alishtuka, akamwangalia Gathogo. Gathogo akatoa kofia, akatafsiri kwa huzuni nyingi.

Mgeni akaniangukia. Akanikumbatia mimi na mtoto pamoja, akilia, akisema, "Asante, asante." Baadaye ndipo nilijua alitafsiriwa nini. Aliambiwa nimesema: nimempenda mtoto huyu kama wangu, na nafurahi amepata wazazi kabla mimi sijafa.

Nikaona hanielewi. Nikamgeuza Wahu anitazame.

"Wahu, mwambie huyu mama. Mimi ni nani?"

Mtoto aliniangalia. Akamwangalia Gathogo.

"Ni Mama Uji," akasema.

Msimlaumu. Nilikuja kujua kwamba Gathogo alikuwa amewaambia watoto, mmoja mmoja: atakayesema ana mama, huyo mama ataenda jela. Mtoto wangu alinikana ili aniokoe.

Walinzi wawili wa kampuni walinishika mikono, taratibu, ili mgeni aone kama wananifariji. Gathogo akaninong'oneza sikioni.

"Analala Elgon View leo tu, daktari ampime. Tutaongea kesho. Ukipiga kelele, hakuna uji tena shamba hili, na hao mama wote wataniuliza ni nani aliyeuharibu. Nitawaambia ni wewe."

Wakati wanampakia Wahu, yule dereva Khisa alikuja jikoni kuomba maji ya gari. Aliinama kwenye debe, akasema bila kuniangalia:

"Mama, mimi nasikia Kiingereza. Ile umesema sio ile ametafsiri."

Nikamshika koti lake. "Basi mwambie! Mwambie sasa hivi!"

"Hapa? Na hawa askari? Kesho asubuhi kuja Elgon View. Nyumba ya mwisho, geti ya kijani. Huyu Gathogo akiwa mbali. Mimi nitakutafsiria."

"Kwa nini unanisaidia, ndugu yangu?"

Alichota maji yake akaenda.

Jioni hiyo nilimwendea Jepchirchir. Nilitaka mtu wa kusimama na mimi. Nilimkuta anamwosha Kiprono kwenye karai, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kesho twende sisi wawili," nikamwambia. "Useme tu unanijua. Hiyo peke yake."

Akaendelea kumwosha mtoto.

"Mama Kiprono?"

"Nimesikia."

"Basi?"

"Mama Wahu, wako anaenda kulala kwa kitanda na kula nyama. Atasoma." Hapo ndipo aliniangalia, na macho yalikuwa mekundu. "Wangu akikosa hiyo maziwa, unajua vile alikuwa. Wewe mwenyewe ulimshika. Wewe unajua."

"Unataka niuze mtoto wangu kwa maziwa?"

"Sijasema kuuza."

"Umesema nini?"

"Nimesema enda ulale."

Nilitoka nikamwacha na karai yake, na nyuma yangu nikasikia Kiprono akiniita jina, kama alivyokuwa akiniita kila siku, na mama yake akimnyamazisha.

Asubuhi nilipata lifti ya lori la mahindi mpaka mjini, kisha nikatembea mpaka Elgon View. Zamani mtu mweusi asiye na kazi hapo hakukanyaga. Sasa walikuwa wameanza kuingia wakubwa wetu, lakini mbwa walikuwa bado wanabweka vilevile.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Khisa alikuwa anaosha Landrova, akakausha mikono, akanipeleka moja kwa moja mpaka barazani, kama mtu aliyekuwa ananingoja.

Mgeni alikuwa anakunywa chai. Sanduku lake lilikuwa mlangoni limefungwa kamba. Kando ya sanduku kulikuwa na kingine kidogo, kipya, cha rangi nyekundu.

"Wanaondoka na treni ya leo," Khisa akaniambia.

Daktari hakuwepo.

Niliongea. Khisa alitafsiri. Niliona kwa uso wa yule mama kwamba mara hii maneno yangu yanafika. Alianza kuwa mwekundu, kisha mweupe. Akaweka kikombe chini kikagonga sahani.

"Anauliza nani anajua ni kweli," Khisa akasema.

"Shamba lote! Amuulize Mama Kiprono. Jepchirchir. Amwite yeyote."

Mungu ana masikio. Sikuwa nimefunga mdomo, gari la Gathogo, ile Pijo yake, likaingia getini. Alishuka yeye. Akazunguka upande wa pili akafungua mlango, na aliyeshuka ni Jepchirchir, amevaa nguo yake ya kanisa, amembeba Kiprono mgongoni.

Nilidhani amebadilisha nia, amekuja kunisaidia.

"Ndiye huyu!" nikasema. "Muulizeni!"

Khisa akamuuliza kwa Kiswahili, mbele yetu sote. "Mama, unamjua huyu?"

"Namjua. Ni Mama Uji."

"Na Waithira, mama ya huyu msichana?"

Jepchirchir alivuta leso iliyomshika Kiprono, akaikaza kifuani ijapokuwa haikulegea.

"Waithira alikufa," akasema. "Nilimwosha mimi mwenyewe."

Sikumtukana. Nilimwangalia tu, na yeye akaangalia maua ya Mzungu.

Na hapo nikasikia viatu vigumu vikigonga sakafu ya mbao. Wahu alikuwa ametoka ndani, nywele zimechanwa, amevaa koti ambalo sikulijua. Alikuwa amesikia.

"Mama," akaniuliza, "kwani ulikufa?"

Akaanza kulia. Akanikimbilia akajificha kwenye sketi yangu, na safari hii hakumwangalia Gathogo.

Hapo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Yule mgeni alisimama. Alimgeukia Gathogo, akamwuliza jambo moja kwa sauti ndogo, na nikajua nimeshinda. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikambeba Wahu mzima mzima kama mtoto mchanga.

Gathogo hakutetemeka. Alivua kofia. Akaongea Kiingereza kirefu, pole pole, akinyoosha mkono kwangu mara moja au mbili.

Niliona uso wa mgeni ukibadilika tena. Haukuwa na huruma sasa.

"Amesema nini?" nikamwuliza Khisa.

Khisa alikohoa. "Amesema ni kweli, wewe ndiye mama."

"Basi!"

"Amesema wewe ndiye ulikuja kwake. Ukamwambia akuandike umekufa, achukue mtoto, akupe shamba. Amesema sasa umeona Mzungu ana pesa, umerudi kutaka zaidi."

"Uongo! Mwambie ni uongo!"

"Nimemwambia."

"Anasema nini?"

"Anasema hajui aamini nani. Anasema mama anayeweza kufanya hivyo hawezi kupewa mtoto. Atampeleka Nairobi kwa ofisi yao, na serikali itaamua. Wewe utaitwa."

Gathogo akasogea karibu. Akaongea Kikuyu, na hapo barazani hakuna mwingine aliyekielewa.

"Shamba lako nitalipima Jumatatu," akasema. "Ukitulia."

"Sitaki shamba."

"Utalitaka."

Walimtoa Wahu mikononi mwangu. Nitawaambia ukweli, niliuma mkono wa mtu, sijui wa nani. Mpishi wa nyumba alinishika kiuno. Mgeni alikuwa analia lakini hakuwazuia. Alimpa Khisa masanduku, akamwambia ampandishe mtoto kwanza, na yeye mwenyewe akaingia ndani kuaga rafiki zake.

Khisa alimbeba Wahu mpaka garini. Alipopita karibu nami nilimsihi. "Ndugu yangu, wewe unajua ukweli. Wewe umesikia yote."

Alisimama kidogo. "Nimesikia, Mama," akasema.

Akafunga mlango wa mtoto. Akaingia upande wake. Gari likawaka.

Mgeni alikuwa bado ndani ya nyumba.

Landrova lilirudi nyuma, likageuka, likatoka getini. Nilidhani analiweka sawa barabarani. Kwenda stesheni ni kushoto. Kwenda shambani kwetu pia ni kushoto, kwa maana lazima upitie mjini. Khisa alipinda kulia, barabara ya kwenda Kapsabet, na akaongeza mwendo.

Kwa pumzi moja nilifurahi. Nilisema moyoni, amemwokoa.

Mgeni alitoka mbio na kofia yake mkononi. Aliangalia barabara, kisha akamgeukia Gathogo, na mara hii akaongea kile Kiswahili chake, labda kwa kuchanganyikiwa, labda ili na mimi nisikie.

"Dereva yako napeleka mtoto wapi?"

Gathogo alimkodolea macho. Tangu nimjue sikuwahi kumwona akiogopa.

"Dereva yangu?" akasema. "Memsahib, mimi sina dereva. Huyo si ni wako?"

"Hapana," mgeni akasema. "Hapana. Yeye ngoja mimi stesheni. Yeye nasema wewe natuma yeye."

Jepchirchir alikaa chini palepale kwenye majani. Mimi nikatoka barabarani nikaanza kukimbia. Vumbi lilikuwa bado limesimama hewani, na mbele yake sikuona gari lolote.